Uliuza Udongo, Ukaacha Shamba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu Mama alitulea hivyo, wala sina sababu nyingine. Ba'mdogo ameniambia unakuja baada ya Idd ili tugawane shamba la Zinga. Simu zangu hupokei, kwa hiyo niliyo nayo nayasema hapa, na anayetaka kusoma asome.

Unakumbuka ile likizo uliyorudi kutoka chuo cha kilimo? Mama alikuwa anapalilia kunde, wewe ukang'oa mche mzima mzima, akakufokea. Ukaniita nichuchumae karibu yako. Ukanionyesha vinundu kwenye mizizi, ukapasua kimoja kwa kucha, ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Ukasema humo wanaishi bakteria, wanakamata naitrojeni ya hewani, ambayo mmea peke yake hauiwezi, wanaigeuza chakula, na mmea nao unawalipa sukari. Ukasema kuna na kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinashikana na mizizi na kuiletea maji na madini kutoka mahali ambapo yenyewe haifiki. "Huku chini kuna wakazi wengi kuliko Dar," uliniambia. Nilikuwa darasa la sita, na duniani sikuona mtu mwenye akili kukushinda.

Mama hakuwa na majina hayo, ila alikuwa na desturi yake. Akiotesha miche ya mivinje, kila kifuko lazima kiwekwe konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa. Jirani akija kuomba mche, anaondoka na udongo huo umefungwa kwenye pindo la kanga. "Usiupeleke peke yake," Mama alikuwa akisema, "upe na wenzake." Ulicheka, halafu ukamwambia kuwa hata chuoni wanafundisha hivyohivyo. Alifurahi, akawa anamsimulia kila mgeni.

Ndiyo maana naumia. Angefanya mtu asiyejua, ningemsamehe siku nyingi. Lakini aliyenifundisha ni wewe.

Mama alipofariki nilikuwa bado kwa mume wangu, Chalinze. Tulisoma arobaini, nikarudi kwangu, nikakuachia wewe uangalie shamba. Nilipoachika na kurudi na wanangu, nilikuta mivinje imekatwa na ardhi imekwanguliwa mpaka kwenye mchanga mtupu. Jirani ndiye aliyenieleza kwamba lilikuja katapila, likafuatwa na malori, udongo mweusi ukapelekwa Dar kwenye bustani za nyumba mpya. Nikakupigia. Siku hizo ulikuwa unapokea. "Shamba lipo palepale, sijauza hata hatua moja," ulisema. "Mwaga mbolea, ulime." Nilikata simu.

Mbolea niliimwaga. Mvua ya kwanza ikaisomba yote, hapakuwa na kitu cha kuishika. Kunde ziliota, zikageuka njano zikiwa na majani machache. Nilizing'oa nikatazama mizizi, haikuwa na kinundu hata kimoja. Msimu ule wanangu walikula kwa majirani, na mimi nilijifanya nimeshiba.

Nina hasira na wewe, kaka. Naswali nayo, naamka nayo.

Mwishowe nilipita kwa majirani kuomba udongo wa kwenye kunde zao. Unajua aibu ya kuomba udongo? Watu huomba chumvi, huomba kaa la moto. Mimi, mtoto wa mwanamke aliyegawa miche kijiji kizima, nilipiga hodi na beseni mkononi. Hakuna aliyeninyima, na hakuna aliyeniuliza wa kwetu ulikwenda wapi, maana wote waliyaona malori. Nimeumwaga kwenye kona ya kisimani, nikaufunika kwa majani makavu, nikapanda kunde. Juzi nimeng'oa mche mmoja. Vinundu vipo. Si vingi. Nikapasua kimoja, ndani chekundu, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu alikuwa wewe. Nilikuwa nimeshashika simu ndipo nikakumbuka tulivyo sasa. Hilo nalo sijakusamehe.

Sasa tuje kwenye kugawana. Sheria ya mirathi naijua, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Sibishani nayo. Fungu langu ni ile kona ya kisimani, wala sihitaji zaidi. Ukija, usimsumbue Ba'mdogo kubeba kamba ya kupimia. Mafungu yako mawili hayapo Zinga. Uliyapakia mwenyewe, yako Dar, yanaotesha maua ya watu.

Nisalimie wifi na watoto.

Mdogo wako, wa tumbo moja na wewe.