Silinda ya Tatu na Mafuta ya Mama

Dodoma, Alhamisi, kiangazi.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hata kwenye uji. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitaropoka mbele ya mtu, na hili si la kuropoka.

Injini imekufa.

Ni ile iliyong'olewa kwenye ndege iliyoanguka pwani vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, ikaletwa huku kwa gari moshi ili ivute maji ya kisima cha stesheni. Silinda zake nne zimesimama kila moja peke yake, kama vinu vilivyopangwa ukutani. Mimi, fundi wa karakana ya reli, niliipenda tangu siku ya kwanza. Kaka yangu Ndahani alinicheka, akasema nimepata mchumba wa chuma. Yeye ndiye aliyeilisha mafuta, na kwa kazi hiyo hakuchukuliwa pamoja na wapagazi wanaobebeshwa mizigo ya askari kwenda kusini. Katika waliokwenda, sijamwona hata mmoja aliyerudi.

Kwa hiyo injini ikinguruma, Ndahani yuko nyumbani. Ndivyo tulivyoishi.

Mafuta ya kulainishia kutoka Ulaya yaliisha, meli haziji. Bahati yetu injini hii inakubali mafuta ya mbarika, na mibarika huku imejaa hadi majalalani. Mama akajitolea kututwangia mbegu na kuzichemsha. Chungu cha kwanza kilikuwa safi kabisa. Cha pili nilikimimina Jumatatu mbiombio, kwa sababu gari moshi lilikuwa linasubiri maji. Sikuchungulia.

Jana silinda ya tatu ikaanza kutoa moshi wa buluu. Nikazungusha mhimili kwa mkono. Pistoni inapopanda ilipaswa kunipinga, lakini ilipita bila ubishi wowote. Nikaifungua. Ukuta wa ndani umekwaruzwa kutoka juu hadi chini, pete za pistoni zimelika, na chini kumetuama tope jekundu.

Nililijua kabla sijaligusa.

Ni ule udongo tunaojipaka pamoja na mafuta. Kijana akitoka jandoni mama yake humpaka, ili akae salama. Mama alinisikia nikilalamika kwamba injini imechoka. Akausaga udongo mpaka ukawa laini, akaukoroga kwenye mafuta. Aliipaka kama mwanawe. Na sisi karakana, udongo wa namna hiyo hiyo tunautumia kusugulia chuma.

Silinda ya gari moshi ikikwaruzika unaichonga iwe pana zaidi, unaitia pete kubwa, kazi inaendelea. Hii ilitengenezwa iruke. Ukuta wake ni mwembamba ili iwe nyepesi, na nikiuchonga nitatokea kwenye maji yanayoipoza kwa nje. Hata hivyo leo nimesugua kwa jiwe laini mpaka vidole vikafa ganzi. Zile tatu nyingine nazo zina michirizi. Nilikuwa najidanganya tu.

Mzungu mkubwa wa karakana alichungulia ndani, akauliza nani ametia uchafu. Nikasema ni vumbi. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mimi amenihamishia kwenye magari moshi. Ndahani, kesho alfajiri, ajipange uwanjani na wapagazi.

Tulirudi nyumbani pamoja. Karibu na mlango ndipo kaka aliponishika bega.

"Mama asijue kuwa ni mafuta," akasema. "Nakuomba."

Mama alipoambiwa kuhusu safari hakulia. Aliingia ndani, akatoka na kile chungu cha Jumatatu, akamkalisha Ndahani kwenye kigoda na kuanza kumpaka mabega yale mafuta mekundu yaliyobaki. Alifanya polepole, kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake. Kisha akanigeukia.

"Na ile injini, mwanangu, mafuta yangu yaliisaidia?"

Ndahani akanikazia macho.

"Yalisaidia sana, mama."

"Basi," akasema, akachovya tena mkono chunguni, "na huyu yatamsaidia."

Nimekuja kukaa huku nje. Sijui kesho nitasimama wapi uwanjani ili nisiyaone mabega yake.