Mota Niliyoinyoosha

Dada mpendwa,

Salamu zangu ni nyingi, zigawe humo ndani, zikibaki mpe jirani. U hali gani? Shemeji mgongo wake unaendeleaje, au bado anausingizia ili asioshe vyombo? Na wapwa zangu wanasoma au wanarefuka tu? Sisi huku wazima. Paka mzima, paa nalo linavuja palepale kwa adabu zake zilezile. Biashara yangu inakwenda: leo nauza chaja, kesho natengeneza feni, keshokutwa namuuzia mtu feni yake mwenyewe.

Simu ningepiga, lakini unanijua. Kwenye simu naanza utani, wewe unacheka, salio linakata, na neno lenyewe linabaki kooni. Halafu barua ndiyo mazoea ya nyumba hii.

Umeniuliza kulikoni. Baba aliyekuwa akiapa hahami hapa mpaka abebwe, leo amekubali kuja kuishi kwako bila hata kuweka masharti. Umesema umefurahi na chumba umeshakipaka rangi. Dada, kaa kitako kwanza. Hii si barua ya kusoma huku umesimama.

Tuanze na ndege. Unajua tangu Baba astaafu karakana ya mabasi, na hasa tangu Mama atutoke, maisha yake ni kile chumba cha uani na vyombo vyake. Mwaka huu akaamua kuunda ndege ya rimoti. Si kununua, kuunda! Mabawa akayachonga kwa lile povu jeupe linalofungashiwa friji, magurudumu akayang'oa kwenye kigari kibovu cha mtoto. Mota na rimoti nilimtafutia mimi, usiniulize wapi, ni halali kiasi cha kutosha. Kava la puani, ambalo yeye analiita boneti kama vile ndege ni basi, alilipata kwa chupa ya plastiki. Aliivalisha kwenye gogo alilolichonga, akaipuliza moto taratibu mpaka ikajikunja na kushika umbo. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu mzee angezaliwa upya angekuwa mchawi.

Kazi kubwa ikawa kuoanisha mota na boneti, ili pangaboi litokee katikati na lisiguse popote. Alichukua kipande cha kadi ya kalenda, akawa anakipitisha kwenye ule mwanya wa kati ya boneti na pangaboi, juu, chini, ubavuni. Pakibana, anafungua skrubu, anasogeza kitu kidogo kama unywele, anafunga tena. Siku nenda siku rudi. Nikamwambia hata basi hajawahi kulibembeleza hivi. Akanijibu kwamba ndiyo maana mabasi aliyofunga yeye yalifika na hayo mengine yalisukumwa.

Gia Kubwa, yule fundi mwenzake mwenye sauti kama honi, akapita siku moja akasema hiyo kitu ikiruka ananyoa kichwa. Baba akamwuliza atanyoa nini, maana kipara kimeshamtangulia. Basi wakawekeana Jumapili, kiwanja cha shule, na Gia Kubwa akaalika karakana nzima ya zamani. Jumamosi Baba akaenda kwa kinyozi kuchonga ndevu. Kwa ajili ya ndege, Dada! Kwenye harusi yako alikwenda nazo vilevile.

Jumapili wazee walikuja wamevaa kama wanakwenda kupokea mgeni wa serikali. Baba akapitisha kadi yake mara ya mwisho kuzunguka boneti. Ikapita pande zote. Akatabasamu. Ndege ikakimbia, ikainuka, na wazee wazima wakapiga kelele kama watoto wa chekechea. Halafu pua ikapanda juu mno, na ndege ikaanza kuvutwa kushoto. Baba akasukuma rimoti kulia. Ikazidi kwenda kushoto. Gia Kubwa anapiga makelele kulia mzee, kulia, wewe kulia hukujui? Ndege ikazunguka, ikaenda ikajibamiza kwenye mlingoti wa goli. Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Gia Kubwa peke yake hakucheka. Aliokota vipande vya bawa, akavikung'uta mchanga kimoja kimoja, akamkabidhi mwenyewe bila neno. Na lile domo lake!

Tulipofika nyumbani Baba alikaa kitini, akanieleza polepole kana kwamba mimi ni daktari wake. Alisema pangaboi likizunguka kwa nguvu huivuta pua kushoto na kuinyanyua juu. Ndiyo maana aliilaza mota kidogo kulia kwa makusudi, akaiinamisha chini kidogo, na akaifunga nje kidogo ya katikati ili kichwa chake kitokee sawasawa kwenye tundu la boneti. Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa la mota, maana ameipima mwenyewe, na kadi imepita. Kimebaki kitu kimoja. Akanyanyua mkono wake wa kulia akautazama kama mali ya mtu mwingine. Akasema mkono huu uliofunga breki za mabasi ya watu leo umeshindwa na mdoli. Umekwisha.

Asubuhi yake akaniambia nikuandikie kwamba anakuja. Kile chumba cha uani akanipa mimi pamoja na vyombo, nifungue duka. Tangu siku hiyo, Dada, anashika kikombe kwa mikono miwili. Mkono hautetemeki! Nimeuangalia mpaka macho yameuma, hautetemeki. Anauogopa tu. Juzi nilipokuwa napigilia kibao cha duka langu, yeye ndiye aliyenishikia ngazi. Nikamwuliza kama kibao kimenyooka. Akasema nimtafute mwenye macho.

Mtu akikupa cha moyo wake nawe unajua umekipataje, hakiliki. Nimekaa humo dukani wiki nzima, sijaweza hata kumwibia mteja.

Sasa nakwambia, Dada, na ukimaliza kusoma unitukane kwa utulivu. Ile mota niliinyoosha mimi.

Ile Jumamosi Baba yuko kwa kinyozi, niliingia kuazima bisibisi. Boneti limefunguliwa, liko pembeni, mota iko wazi. Naiangalia, imepinda! Imelala upande, pua chini, kama mlevi anayetafuta funguo. Nyuma yake upande wa kulia ina washa mbili, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa kwenye skrubu, juu ina moja, ndizo zinazoisukuma. Nikasema basi, mzee haoni tena, na kesho anakwenda kuaibika mbele ya karakana nzima. Sikumwuliza. Ningemwulizaje mtu kama amepofuka? Nikazitoa washa zote, mota ikakaa wima kama askari wa gwaride. Nikarudishia boneti, pangaboi likagoma kukaa katikati, linakwaruza ubavuni. Hapo mwenye akili angejiuliza. Mimi nikapasha bisibisi moto, nikayatanua matundu ya skrubu, nikalivuta boneti liifuate mota. Nikapitisha kadi kama anavyofanya yeye, ikapita. Nikatoka napiga mluzi, najiona mtoto mwema. Washa nikatia mfukoni, na jioni nikazifungia pasi ya mshonaji wa jirani. Unanijua, kitu hakilali kwangu.

Alipokuwa ananieleza pale kitini ndipo nilipoelewa. Mdomo niliufungua, nakwambia kweli, niliufungua. Ukatoka mzaha kuhusu goli, kwamba angalau amefunga. Hata yeye alicheka. Siku ile nilinyamaza kwa woga. Kesho yake akanipa chumba, na tangu hapo nanyamaza kwa sababu ya chumba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si ndege. Niliuona mkono wa baba yangu ukifa na mimi nikaurithi ungali hai.

Unajua barua zangu zote Baba huzipitia kwa penseli kabla sijazifunga, maana mimi na shule tuliachana mapema na kila mtu alifurahi. Hii nayo nitaiacha mezani chini ya miwani yake. Kwa mdomo siwezi, nitaanza utani. Ikikufikia ina penseli, ujue amesoma. Ikikufikia safi, ujue mdogo wako ni mwoga. Usimpokee Baba, njoo wewe huku, na njoo na fimbo.

Msalimie shemeji na mgongo wake. Wapwa waambie mjomba anawapenda na hana hela. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi nisamehe kidogokidogo.

Ni mimi mdogo wako,
Chapchap

(Kwa penseli)

Binti yangu, chumba ulichopaka rangi kiache wazi. Nitakuja kutembea, sitakuja kuhamia. Huyu ameandika washa zilikuwa kulia. Zilikuwa kushoto. Aliitazama ndege kwa mbele, na ndege hutazamwa kwa nyuma, kama umekaa kiti cha dereva. Nimemwambia aanze kwa kwenda kuifungua pasi ya watu, aniletee washa zangu. Mengine nitazungumza naye akirudi. Kibao chake kimepinda. Nilikiona siku ileile.