Karatasi ya Moyo Wangu Haina Msomaji

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijagombana na watu wa hospitali, maana mimi kwa kawaida si mgomvi, mke wangu anaweza kukuapia, lakini sasa ni wiki ya sita natembea na bahasha yenye karatasi ya moyo wangu na hakuna mtu aliyekubali kukaa chini anieleze inasema nini.

Mimi ni fundi rangi, nina miaka arobaini na moja, nina mke na mabinti wawili, na kazi hii niliirithi kwa marehemu baba. Mkandarasi tunayemfanyia kazi amepata jengo la ghorofa sita, akasema hakuna kupanda jukwaa bila kupimwa afya, basi tukaenda wote kumi na mmoja, tukapimwa macho, presha na mkojo, mwisho tukalazwa mmoja mmoja kwenye kitanda chembamba, tukabandikwa nyaya kifuani ili wapime umeme wa moyo, na wakati wenzangu wanavaa mashati na kutaniana nani ana moyo wa kuku, yule dada mpimaji akaniambia mimi nilale tena, akanipima mara ya pili, akaitazama karatasi, akatoka nayo, akarudi, nikamuuliza, "Dada, kuna nini?" akasema, "Mimi napima tu kaka, daktari ndiye anayesoma."

Daktari nilimwona siku tatu baadaye, akaitazama karatasi kwa muda usiotosha hata kufungua kopo la rangi, akasema kuna mabadiliko kidogo, huenda ni kitu na huenda si kitu, akaniuliza kama nimewahi kuzimia, nikasema hapana, kama nina maumivu ya kifua, nikasema hapana, kama kuna mtu kwetu aliyekufa kwa moyo, nikasema hapana, akaandika nipunguze chumvi na nirudi baada ya miezi sita, halafu kwenye fomu ya mkandarasi akaweka alama kwamba nafaa kwa kazi. Lakini juu ya karatasi mashine yenyewe imechapa kwamba mapigo si ya kawaida. Sasa mimi nishike la nani, la mashine au la daktari?

Nimerudi pale mara tatu. Karani wa mapokezi ananijua hadi viatu, nikiingia tu anasema, "Si uliambiwa miezi sita? Hata miwili haijaisha." Nikaenda kituo kingine, wakasema hawawezi kusoma kipimo cha wenzao bila barua, nikarudi kuomba barua, nikaambiwa barua haiandikwi kama mgonjwa haumwi.

Nyumbani nako kila mtu ni daktari. Kaka yangu mkubwa anasema ukitafuta ugonjwa utaupata, eti nitulie. Mke wangu anasema nisipande ngazi hata ya kubadilisha taa. Mama anasema ni thina tu, ile ya kuyeyushia rangi, mafundi rangi wote vifua vyao vimelowa thina, dawa ni maziwa, na kwa kweli hapo simpingi sana kwa sababu thina ina vituko, mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa napaka dari la ukumbi wa mikutano, rangi nyeupe ya maji, madirisha yote wazi, nikajikuta niko sakafuni na rola bado iko mkononi, wenzangu wananipepea kwa kipande cha boksi, sikumbuki hata nilivyoshuka, wakaninywesha maziwa, tukacheka, nikamalizia dari, ndiyo kazi yetu ilivyo, hata baba thina ilikuwa ikimlaza chini mara mojamoja naye anainuka anaendelea, mpaka ile siku alipoanguka kutoka kwenye ngazi akafa, na hapo mama ndiye aliyekuwa ameishika, akaiachia kidogo tu kuitikia hodi, na hadi leo miaka kumi na tisa anasema ni yeye aliyemuua.

Samahani, nimetoka nje ya mada. Swali langu ni hili: mwanzoni mwa mwezi ujao tunaanza kupaka upande wa nje, ghorofa ya juu kabisa, na mimi nimeapa sipandi kabla sijajua moyo wangu una nini. Je, nina haki ya kurudi pale kwa mara ya nne, au kweli nina kichwa kigumu kama anavyosema kaka? Na niulizeje ili nijibiwe? Mimi nikikuta ukuta wa mtu una unyevu namwambia mwenyewe, sipaki juu yake nikaondoka. Na mimi nataka kuambiwa hivyo hivyo.

Fundi Asiyetulia

*

Fundi, pole kwa kuzungushwa. Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaijibu kabla ya wale wanaolalamikia mawifi, nao watanisamehe.

Nianze na la kaka yako. Huna kichwa kigumu. Kuuliza si ujinga, na karatasi ile imetoka kifuani mwako, haikutoka kwenye kabati la karani. Daktari anayemwambia mtu "huenda ni kitu, huenda si kitu" kisha anamtuma akale bila chumvi, hapo kuna kazi hakuimaliza. Rudi mara ya nne, na ya tano ikibidi. Mpaka hapo niko upande wako.

Sasa nigeuke. Unalalamika kwamba hakuna anayekupa jibu, na wewe ulipoulizwa maswali matatu ulijibu hapana, hapana, hapana, kama mtu anayefukuza kuku. Umewahi kuzimia? Hapana. Na mimi umeniandikia kwamba mwezi wa pili ulijikuta sakafuni hukumbuki ulivyofika. Kwa lugha yenu hiyo inaitwaje, kupumzika?

Najua utaniambia ni thina. Mimi si fundi, kwa hiyo nilikwenda dukani kwa muuza rangi nikamuuliza kama rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka dari, huchanganywa na thina. Alinicheka. Akasema jina lenyewe linajibu, mama, inachanganywa na maji. Madirisha yalikuwa wazi, thina haikuwepo, na bado mkakubaliana watu wazima kadhaa kwamba thina ndiyo iliyokuangusha, kwa sababu tangu mjifunze kushika brashi kila kitu mnakitupia thina. Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wa zamani. Wewe hukuyaficha, hilo nalijua, ndiyo maana nakugombeza kwa upole. Uliyapa tu jina la kazini, ukayanywesha maziwa, ukarudi kumalizia dari.

Kuna muuguzi mstaafu, jirani yangu, nilimsomea barua yako bila kumwambia imetoka kwa nani. Alinisimamisha kwenye sehemu ile uliyoniomba samahani. Akasema, "Mwambie hapo ndipo alipoingia kwenye mada." Si mimi wala yeye anayejua una nini, na asije mtu akakudanganya kwamba ugonjwa unapimwa kwa barua ya gazeti. Lakini alisema karatasi isiyo ya kawaida ni jambo moja, na karatasi hiyo hiyo mkononi mwa mtu aliyeanguka bila kujua ni jambo lingine, ambalo halingojwi miezi sita. Daktari wako alisoma la kwanza. La pili hukumpa.

Na kuhusu baba yako nitasema taratibu. Mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote, aliyekuwa akilala chini mara mojamoja akainuka, akaanguka siku moja akafa. Mmeilaumu ngazi, na mama yako amejilaumu mwenyewe. Pengine ni kweli ngazi iliteleza, sijui. Lakini nenda leo kwa mama, kaa naye wawili tu, umuulize: baba alipoanguka, alipiga kelele? Alijaribu kushika chochote? Anayeteleza hujitetea. Muulize pia kuhusu ile mara mojamoja, alikuwa akifanya nini, thina ilikuwepo au haikuwepo. Usimuulize kama hakimu. Huenda mama yako amebeba miaka kumi na tisa mzigo usio wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali ambalo lingemsaidia kuutua.

Haya, sasa fanya hivi. Kwanza mpigie simu mkandarasi, mwambie fomu ile iliandikwa kwa majibu yasiyo sahihi na majibu hayo uliyatoa wewe, akupe kazi ya chini, kupiga msasa, kuchanganya rangi, chochote ambacho miguu yako iko sakafuni. Akinuna, anune. Hapo mke wako ana akili kuliko kaka yako, na ukimwona mwambie nimesema.

Kesho asubuhi nenda hospitali, na usiende peke yako. Mchukue mmoja wa wale waliokuwa wakikupepea kwa boksi, yeye ndiye aliyeona. Wewe hukuona kitu, ulikuwa umezimia. Aseme mwenyewe ulianguka ghafla au polepole, ulikaa dakika ngapi, uso wako ulikuwaje. Mapokezini usiseme umekuja kuuliza majibu, maana hapo utarushiwa miezi sita yako. Sema, "Nilizimia, na kipimo changu cha moyo si cha kawaida." Sentensi hiyo ina mguu wa kuingilia mlangoni. Wakikuzuia, omba mganga mkuu. Na ukianguka tena kabla ya kesho, au moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu, usingoje asubuhi, nenda ile saa ile.

Mbele ya daktari rekebisha hapana zako. Kisha uulize haya, umeyaandika, kalamu mkononi: Hiki kisicho cha kawaida kinaitwaje? Kuna kipimo gani cha kukihakikisha, kile cha kuutazama moyo kwa picha, au kimashine cha kuvaa siku nzima? Nani atakisoma, na lini? Naruhusiwa kupanda ngazi? Akikujibu kwa lugha ya vitabuni, mwambie arudie kwa lugha ya rangi. Usione haya, hata wewe wateja wako huwaelezi mambo ya msasa namba ngapi.

Lipo swali moja zaidi, na hili usiliulize ukiwa umeshika kitasa unaaga. Liulize ukiwa umekaa. Kama kitu hiki kilitoka kwa baba yangu kikaja kwangu, je, mabinti zangu nao wapimwe?

Kwa ajili ya moyo wako mwenyewe pengine ungeweza kujidanganya ukangoja. Kwa ajili ya hilo, fundi, huna ruhusa ya kungoja hata wiki.