Alama Mia za Namba Nane

Jumanne, 28 Machi
Nimefaulu mtihani wa leseni ya pikipiki! Alama mia kwa mia. Namba nane iliyochorwa uwanjani nimeizunguka bila kugusa mstari. Mwalimu Khải alishatuambia: weka gia ya tatu, usiiguse tena, cheza na breki tu. Na kweli. Maswali nayo alitupa ujanja — ukiona neno "marufuku" chagua jibu la kwanza, usisome mengine. Nilimaliza kwa dakika nne. Nikatoka nikijiuliza, hivi nimejifunza nini?

Mama kafurahi mno. Kiwanda cha viatu kinamhamishia zamu ya mchana, kwa hiyo kuanzia tarehe kumi kumpeleka Bibi kusafishwa damu ni kazi yangu. Mara tatu kwa wiki. Akikosa siku moja miguu inavimba, pumzi inambana. Pikipiki ya kukodi hataki. Anasema, "Nikumbatie mgongo wa mwanamume nisiyemjua, kwa umri huu?"

Hospitali iko ng'ambo ya mzunguko mkubwa wa barabara kuu. Malori ya makontena. Pale nimepita nikiwa abiria tu. Shuleni nilikwenda kwa baiskeli ya umeme, vichochoroni.

Alhamisi, 6 Aprili
Leseni imefika. Picha mbaya.

Nimempigia Mwalimu Khải: kwenye mzunguko nani anapita kwanza?
"Binti, hilo hawalipimi uwanjani."
"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nauliza."
Akacheka. Eti nitazoea.

Mama anasema piga honi, usimtazame mtu usoni. Mjomba Sửu, jirani yetu: anayesita ndiye anayegongwa. Mkewe papo hapo: anayeharakisha ndiye anayegongwa. Nikawauliza nani aliwafundisha. Wakasema: Hakuna.

Kitabu cha sheria za barabarani kinasema mpishe anayetokea kushoto. Nimewasomea. Mjomba Sửu akasema, "Kumbe?" Ana miaka thelathini barabarani.

Jumapili, 9 Aprili
Asubuhi nimejaribu kubadili gia za pikipiki yetu kichochoroni. Ya pili inatikisa, ya kwanza inaruka. Nimeshtuka.

Kisha saa mbili nzima kwenye kibanda cha kahawa, mkabala na mzunguko, na daftari. Mwenye kibanda: "Mwanangu, mchumba hatokei huyo, nenda nyumbani." Nikamwambia nahesabu pikipiki. Akaniongezea barafu kwenye kahawa, kwa huruma nadhani.

Wa kushoto hapishwi na yeyote. Lori hupita kwanza, halafu mwenye honi. Ila akina mama waliopakia watoto kwenye pikipiki — hawa ndio wamenishangaza. Hawaingii peke yao. Wanasubiri wafike watano, sita, kisha wanakwenda pamoja polepole, na malori yanapunguza mwendo. Hawajuani hata. Nani aliwafundisha? Kesho nitaingia na kundi.

Jumatatu, 10 Aprili
Hospitalini. Naandika ukumbini, Bibi yuko kwenye mashine.

Kundi lilipatikana. Wakaondoka, nami nikaondoka. Katikati lori likapiga honi, mguu ukakanyaga gia sijui ipi, injini ikazima. Kundi likaenda zake. Tumebaki sisi wawili, makontena kulia na kushoto. Nikajaribu kuwasha, nikashindwa.

Bibi akashuka. Nikasema Bibi, panda! Akanyoosha mkono juu, akaanza kutembea mbele ya malori kama anavuka ua wa nyumbani. "Nifuate. Usinipite." Yakasimama yote. Nikasukuma pikipiki nyuma yake hadi ng'ambo. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mama amepiga simu kabla ya zamu. Mmefika? Tumefika. "Unaona? Na ulivyokuwa unaogopa." Sikumwambia.

Sasa ni saa kumi kasoro. Tatizo ni hili: akitoka kwenye mashine hawezi kutembea. Kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu, Mama huwa anamfunga kiunoni mwake kwa mtandio asianguke njiani. Na saa kumi viwanda vinafungua mageti, zamu ya asubuhi yote inamwagika barabarani. Nimemuuliza muuguzi kama kuna njia nyingine ya kurudi. Hakuna. Akauliza, kwani huna leseni? Nikamwonyesha.

Bibi amefumbua macho. Anauliza kama nimeshajua kuendesha sasa. Nimesema ndiyo. Amenipa mtandio.