Chuma cha Vitumbua cha Mama

Munira,

Unga wa vitumbua umeshaumuka, usiumwage. Uongezee maji upike chapati za maji, wewe na Twalib mle ndiyo mwende shule. Wateja wakija, sema dada anaumwa.

Usihangaike kutafuta chuma cha vitumbua. Baba kakiuza jana kwa wale wa vyuma chakavu pale Rangi Tatu, pesa kazinywea gongo. Kasema mwenyewe. Chuma cha marehemu mama, Munira! Nawawahi kabla hawajapakia.

Yeye kalala hapo chini, kajitapikia. ~~Mwacheni hivyo hivyo, majirani wamwone.~~ Mgeuzeni alale ubavu asije akapaliwa, mumfunike na kanga yangu. Chapati moja mbakishieni, tangu jana hajala.

Na mumwamkie, hata kama mna hasira. Mie alfajiri nilivyotoka kuchota maji nilimruka bila shikamoo, sijawahi kufanya hivyo maisha yangu yote. Nafika mlangoni namsikia nyuma yangu, nageuka, macho kafumba:

"Marahaba, mwanangu."

Dada yenu,
Raudha