Mkwe wa Saa Saba Angani

Mpendwa Shangazi Tiurma, nishike mkono kabla sijaumbuka. Mimi ni Mbatak wa Medan, nafanya kazi Kuala Lumpur na nakaa huku na mke wangu Romauli, na kwetu unajua mwanamume akishaoa basi kila karamu ya ukweni yeye ndiye mtumishi, abebe wali, akatekate nguruwe, asugue masufuria, na ukoo wa mke wangu hauishi kuoza watoto, mwaka wa kwanza nilisugua mpaka kucha zikaniuma, nikamwambia baba mkwe, ambaye hajawahi kupanda ndege, kuwa kutoka huku hadi Medan ni saa saba angani, naye akanihurumia, akasema nije Krismasi tu, na nikija nafika nikijikokota, yeye anawaambia watu, "Mwacheni mkwe alale, katoka mbali huyo," basi nalala huku wakwe wenzangu wanaosha vyombo, na kichwa cha samaki nawekewa mimi. Sasa Romauli ana mimba ya miezi saba, na mzee kasema hataki kunitesa tena kwa safari, atakuja mwenyewe wiki ijayo kumfunika binti yake ulos, lile shuka la baraka ambalo bila hilo mtoto wetu atazaliwa bila dua ya babu yake, na keshaagiza afungiwe wali na samaki wa milo miwili ya njiani, na mto wa shingo kanunua, na Romauli anasema, "Uongo wako, mdomo wako. Mimi simo." Nifanyeje, Shangazi? Nimekuandikia wewe kwa sababu baba mkwe mwenyewe hukusifu, kila Jumamosi huwasomea wenzake ukurasa wako wa gazetini kwa sauti kwenye duka la kahawa. Tafadhali usitaje jina langu.

*

Mwanangu Saa Saba,

Pole ya kucha. Pole nyingine sina. Medan na Kuala Lumpur ni kilomita kama mia tatu na hamsini, ndege hutumia saa moja hivi, na kwa kuwa huko mko mbele kwa saa moja, ukiruka saa nne asubuhi unatua Medan saa nne hiyo hiyo. Hata saa ya ukutani haitambui kuwa umesafiri. Kwa saa zako saba ungeshuka Japani.

Mzee hatakuwa amefungua hata kifurushi cha wali atakaposikia wafunge mikanda, wanatua. Ulidhani atasifu mwendo wa rubani? Alikuamini, akakuonea huruma, akakupa kichwa cha samaki, nawe ukamlipa kwa usingizi. Hilo limeniudhi. Wakwe wenzako nao wana migongo.

Usimsubiri uwanjani. Mfuate wewe. Piga magoti, sema yote, kisha ingia jikoni uoshe kitakachokuwepo. Akikubali kuleta ulos, msindikize na umbebee mto wake wa shingo. Akikataa, rudi tena ukasugue. Si mbali.

Jina lako sijalitaja. La mkeo umelitaja mwenyewe. Na leo ni Jumamosi, mwanangu. Panda ndege ya saa nne, utafika saa nne, mzee akiwa bado anawasomea wenzake barua yako.