Alhamisi Usije

Seoul, 12 Septemba

Dada Geum-nam mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua za mwezi uliopita hazikuharibu mashamba ya chumvi kama mlivyohofia. Nimesikia kwenye habari kwamba jua limerudi huko kwetu Sinan, nikajua wewe na Shemeji mko shambani tangu alfajiri, mmejifunga vitambaa mpaka puani. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie asikae kwenye sakafu baridi akimenya vitunguu saumu. Kile kiti nilichomtumia si cha kulalia paka. Na binti yako So-dam, bibi harusi wetu, amekwisha kuchagua nguo, au bado anawazungusha watu madukani?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya simu, maana hatujaandikiana tangu nilipokuwa shule ya bweni. Wiki hii nimekupigia mara nne. Kila ukipokea unaanza kucheka kabla sijasema neno, nami nacheka nawe, tunamaliza kwa habari za kabichi na kuagana. Kwenye karatasi huwezi kunichekesha. Kwa hiyo nakuomba ukae, uvue glavu, uisome yote mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Nianze na mambo yangu, maana mengi nimekuficha. Unakumbuka nilivyokuwa miaka sita iliyopita, baada ya kuachana na mume wangu, baba Jun-hyeok. Mashavu yangu yalikuwa na madoa ya kahawia kama mtu aliyemwagiwa chai, na kila nilipokwenda kuomba kazi ya mapokezi waliniangalia mashavu kabla ya macho. Daktari Pyo, mwenye kliniki ya ngozi ninakofanya kazi sasa, ndiye aliyenipokea. Alinieleza kwa upole kwamba madoa yale si uchafu wa juu ya ngozi. Chini kuna seli zinazotengeneza rangi, zikishachokozwa na jua, joto na homoni za uzazi, hutengeneza rangi kupita kiasi wala hazijui kuacha. Alisema mwanga wa leza, ukipigwa kwa nguvu ndogo, unaivunja ile rangi kuwa vumbi, kisha mwili wenyewe unalibeba vumbi hilo na kulitoa. Nilimwelewa, na kweli baada ya miezi michache uso ulitakata. Alinipiga picha, akaniajiri kuwa mshauri wa wateja, na zile picha mbili, ya kabla na ya baada, akazibandika kwenye mlango wa lifti, kubwa kuliko mimi mwenyewe. Ulipoziona mara ya kwanza ulisema, "We Mi-ryeong, sasa hata ukikopa mahali huwezi kujificha." Tulicheka mpaka mlinzi akageuka.

Basi Dada, tangu Februari mwaka huu uso ule haupo tena.

Kilianza kitone kimoja cheupe karibu na sikio, kama punje ya mchele. Nikadhani ni krimu. Wiki iliyofuata vilikuwa vitatu, kufikia katikati ya Machi sikuvihesabu tena. Nilikwenda kwa Daktari Pyo nikiwa nimefuta vipodozi vyote. Aliniangalia kwa muda mrefu, akazima taa yake, akaniambia ni mwanga tu wa chumba, niongeze faundesheni. Nikamwomba basi nipumzike leza. Hakukasirika, Dada, angekasirika ningejua la kufanya. Alishika shingo yake inayomuuma kwa kuinamia nyuso za watu kutwa, akasema, "Ukiacha, madoa ya kahawia yatarudi maradufu. Utasimamaje pale chini ya picha yako? Wewe ndiye mlango wa kliniki hii."

Nikaacha kwa siri hata hivyo, nikisingizia jino. Wiki tatu tu. Ya kahawia yakarudi kama alivyosema, tena meusi zaidi, na yale meupe yakaonekana wazi katikati yake. Siku moja mama mmoja aliyevaa lulu alisimama nami tukisubiri lifti, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akauliza kwa ukarimu kabisa, "Huyu ni mdogo wako? Kumbe urembo uko kwenye ukoo." Nilisema ndiyo, ni mdogo wangu. Jioni ile nilirudi kulala chini ya leza kwa miguu yangu mwenyewe.

Ndivyo ninavyoishi. Nikiendelea, meupe yanaongezeka. Nikiacha, ya kahawia yanarudi, na kazi yangu ni sura yangu. Nilitia sahihi kwamba picha ni yao kwa miaka kumi, na kwamba sitasema nje habari yoyote ya matibabu wala kutoa picha ya mgonjwa. Asubuhi natumia saa nzima mbele ya kioo, tabaka juu ya tabaka, kisha nakwenda kusimama pale na kuwaambia wanawake kumi na tano kwa siku kwamba mimi ndiye ushahidi. Hunishika mkono. Wengine hulia kwa furaha.

Mwezi wa nane nilivaa barakoa na kofia nikaenda hospitali ya chuo kikuu, upande wa pili wa mto ambako hakuna anayenijua. Alinipokea daktari wa kike mtu mzima, Daktari Maeng, mwenye sauti nzito na viatu vya kutembelea nyumbani. Alinimulika kwa taa ya zambarau, ile inayoonyesha kilichojificha kwenye ngozi, akanipa kioo nijione mwenyewe. Uso mzima, Dada. Yale ninayoyaona asubuhi ni robo tu.

Aliniuliza nimepigwa leza mara ngapi. Nilipomtajia aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba leza yenyewe si mbaya, yeye pia anaitumia, lakini kwa ugonjwa huu haina haki ya kuwa mazoea ya kila wiki. Seli za rangi zikipigwa bila kupewa nafasi ya kupona zinachoka. Nyingine zinalala, nyingine zinakufa kabisa, na pale zilipokufa ngozi inabaki nyeupe. Zile zilizobaki hai zinajibu kwa hasira, ndiyo maana ya kahawia hurudi. Nikamuuliza kama zitaamka. Akasema kama mtu akiacha mapema, vitone vikiwa bado vichache, akajikinga na jua kwelikweli, akapata mwanga maalumu wa kuziamsha zilizolala, zipo zinazoamka. Kwa mtu aliyefika nilikofika mimi, hakutaka kuniahidi kitu. Kisha akaniangalia akasema, "Lakini wewe unafanya kazi huko. Hukuyajua haya?"

Nilivaa tena barakoa nikatoka. Nitakujibu wewe.

Ulipokuja Aprili, ulikuwa umebeba gunia la chumvi na kamba mbili za samaki wakavu, basi zima limenuka. Ulisema mama wa bwana harusi ni mwalimu mstaafu wa huku Seoul, ngozi yake kama yai lililomenywa, na kwamba siku mtakapopanda pamoja jukwaani kuwasha mishumaa ya wazazi, watu watadhani So-dam amelelewa na kiazi. Ulilisema kwa mzaha, lakini niliona ulivyojigusa shavu. Miaka thelathini ya jua linalopiga juu na kurudi tena kutoka kwenye chumvi. Nilimwomba Daktari Pyo akutibu kama ndugu wa mfanyakazi, akakubali siku ileile. Wakati ule mimi mwenyewe tayari nilikuwa nafunika vitone. Nilijiambia kwamba yangu ni bahati mbaya, kwamba kwako itakuwa mara chache tu. Nilijiambia mengi.

Mara ya tisa ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Unaikumbuka siku hiyo kwa sababu ulikuja na picha za nguo ya So-dam. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti, nywele zimebanwa na ukanda kama mtoto, na Seung-yi, msichana wetu wa picha, akakumulika kwa taa ya zambarau. Akaniita kwa sauti ya chini, "Mshauri Ok, njoo uone." Kwenye skrini, chini ya taya lako la kushoto, palikuwa na kitone. Nikakifuta kwa mkono wa koti. Nikamwambia Seung-yi asafishe lenzi apige upya. Akapiga upya. "Hili si vumbi, Mshauri," akasema. Nikaenda na ile picha kwa Daktari Pyo. Aliitazama, akanirudishia, akauliza harusi ni lini. Nilipomwambia Oktoba akasema, "Mpaka Oktoba tutamfikisha vizuri," akamwita mgonjwa mwingine.

Niliporudi uliuliza, "Mbona mmenyamaza hivyo, nimekufa?" Nami nikakujibu kwamba ngozi mpya imeanza kutokeza. Ukapiga makofi, Dada. Ulimpigia makofi Seung-yi pia, naye akatoka chumbani akijifanya anatafuta taulo.

Nilikudanganya. Nilijua ni nini, maana nilikuwa nacho usoni mwangu, chini ya faundesheni, umbali wa hatua mbili kutoka ulipokaa. Baada ya siku hiyo nimekulaza chini ya leza ile mara tano zaidi.

Na kuna jambo moja baya kuliko hilo, nisiposema leo sitalisema tena. Nilipokiona kile kitone kwenye skrini, kabla hofu haijaja, kabla sijakuonea huruma, nilipumua. Nilifarijika. Kwa miezi minne nilikuwa peke yangu ndani ya uso huu, na kwa muda mfupi sana niliona kwamba sasa nimepata mwenzangu. Ni wewe niliyekutakia hayo, wewe uliyenibeba mgongoni utotoni maji ya bahari yalipojaa. Sijui mtu wa namna gani huhisi hivyo. Nimejitafutia sababu tangu Juni, sijaipata.

Jumapili uliniambia kwenye simu kwamba umesugua taya ukidhani chumvi imekukaukia, na kwamba Shemeji amekucheka akasema umeanza kuota chumvi kama shamba. Ulisubiri nicheke. Nikacheka. Baada ya kukata simu nilikaa sakafuni bafuni mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nilipoamua kukuandikia barua hii.

Dada, si chumvi, usiisugue tena.

Alhamisi usije. Tiketi ya basi irudishe. Jina lako nimelifuta mwenyewe kwenye daftari la miadi, na nimemwambia Seung-yi kwamba ukitokea mlangoni asikupeleke ndani hata ukimsihi. Humu nimeweka picha zako zote kumi na nne, pamoja na tarehe na nguvu ya leza ya kila siku. Zipeleke kwa Daktari Maeng; nimekuandikia miadi Jumanne ijayo saa nne asubuhi, kwa jina lako. Yako bado ni vitone saba. Nimevihesabu. Yeye atakuambia kwa ukweli kipi kitapata rangi tena na kipi hakitapata, na mpaka Oktoba ya kahawia yatakuwa yamerudi pia, usidanganywe na mtu mwingine tena. Mpaka siku hiyo vaa kofia ya ukingo mpana, paka kinga ya jua kila baada ya saa mbili, na usiguse krimu yoyote niliyokupa.

Picha hizi sikuruhusiwa kuzitoa. Daktari Pyo akijua, na atajua, sitakuwa na kazi, na pengine itakuwa zaidi ya kazi. Sikuambii ili unihurumie. Bado naamka asubuhi na kujipaka tabaka zangu, kwa sababu sijui kufanya kitu kingine, na kesho saa tatu nitakuwa tena kwenye lifti. Nimetaka tu ujue kwamba wewe umeshatoka humo.

Nisalimie Mama, lakini haya usimsomee. Mwambie nina mafua ya vuli. Msalimie Shemeji, na umwombe asikutanie tena habari za chumvi. So-dam mwambie shangazi yake—hapana, mama yake mdogo—amemtakia kila la heri, na kama hataniona harusini asiulize mbele ya watu. Uamuzi huo ni wako, nami sitaubishia.

Nimeandika kwa siku tatu, saa ya chakula, kwenye kaunta ya posta iliyo nyuma ya kliniki. Karani ameniuliza mara mbili kama bahasha iko tayari. Zimebaki dakika nane nirudi kazini, nami najijua: nikirudi nayo, nitaichana. Kwa hiyo naifunga hapahapa bila kuisoma tena, makosa yake uyasamehe kwanza, yangu baadaye, ukiweza.

Mdogo wako,
Ok Mi-ryeong